Kipupwe cha Kifanya: Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Msimu Atokaye Pwani

Mtu wa pwani aambiwapo kwamba Juni ni mwezi wa baridi husadiki nusu ya maneno hayo, kwa kuwa kipupwe akijuacho yeye ni upepo mwanana utulizao joto la usiku, na shuka moja ya pamba humtosha hadi alfajiri. Upepo ule ule wa kusi, ambao kwa karne nyingi umeyasukuma majahazi kutoka Kilwa na Unguja kuelekea Lamu na Arabuni, ukiingia bara hukwea nyanda za juu, hewa ikapoa kwa kadiri ya nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na ufikapo Njombe, mji uliokaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huwa umekwisha kugeuka ukungu, manyunyu na baridi ipenyayo nguo. Msafiri aliyeiacha Lindi au Tanga akitokwa na jasho atajikuta katika nchi ambamo alfajiri nyingi za Juni na Julai kipimajoto husoma chini ya nyuzi 10, na mabondeni, katika usiku wa mbingu safi, husogea karibu na sifuri, jalidi ikalala juu ya nyasi na kuyaunguza majani ya viazi.

Nawaandikia vijana wa kiume na wa kike wapandao kutafuta riziki ya msimu Kifanya, kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe iliyo upande wa barabara iendayo Songea, na katika vijiji vya jirani, kuanzia Juni hadi Agosti na pengine mpaka Septemba. Nasaha iliyo kubwa kuliko zote naitanguliza ili asiyekuwa na wasaa wa kusoma mengine aichukue hii: ulizia malazi kabla hujaulizia ujira. Mchana wa Kifanya hauna shida kwa mtu mwenye afya, maana jua likishapasua ukungu kazi yenyewe humpa joto. Usiku ndio unaompima mgeni, na wengi waliorudi kwao kabla ya msimu kwisha, wakidai kwamba kazi imewashinda, kwa hakika walishindwa na saa kumi za giza katika chumba kibaya.

Safari yenyewe si ya kusumbua akili. Mabasi ya Songea na ya Njombe yatokayo Dar es Salaam huipita Iringa, kisha Makambako, mji wa njia panda ambapo barabara kuu ya Tunduma hukutana na reli ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kuelekea kusini. Kutoka Makambako hadi Njombe ni karibu kilomita 60. Ninalokusihi ni hili, usimalize akiba yako Kariakoo kwa kununua koti lenye sura nzuri. Chukua fedha hiyo mpaka Makambako au Njombe ukanunue katika masoko ya mitumba, kwa sababu wauzaji wa huko huvaa wenyewe wanachokiuza na wanajua sweta la sufu kwa kulishika tu. Nunua masweta mawili mepesi badala ya moja zito, maana hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo ndiyo ihifadhiyo joto la mwili. Nunua kofia ya sufu ifunikayo masikio, soksi jozi nne, gambuti kwa ajili ya umande wa mashambani, na koti la juu lisilopitisha upepo, hata kama ni jembamba. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ni adui aliyefichama: kazi ikimalizika saa kumi jioni na jua likaanza kuinama, fulana ile hupoa mwilini ghafla, na hapo ndipo kifua kinapoanza. Basi beba fulana kavu ya kubadili pale pale kazini, kabla hujashika njia ya nyumbani.

Kuhusu malazi nitasema kwa urefu. Katika milima ya Alpi huko Ulaya, ambako maelfu ya vijana hupanda kila Desemba kuwatumikia watalii watelezao juu ya theluji, mwajiri aghalabu humpatia mfanyakazi wa msimu chumba au kitanda, na jambo hilo huelezwa katika mapatano tangu mwanzo, kwa kuwa imefahamika huko tangu zamani kwamba baridi na ukosefu wa makao havipatani. Kifanya hakuna theluji, lakini hoja ni ile ile, na ada hiyo haijaenea, mashamba makubwa ya chai na ya miti huwa na kambi zao, ilhali mwenye shamba la ekari chache au mwenye mashine ya kupasua mbao atakuambia tu kwamba “pa kulala patapatikana.” Usiridhike na neno hilo. Omba kuoneshwa chumba mchana, na ukifika uyatazame mambo haya kwa makini. Tazama kwanza mahali nyumba ilipo, maana hewa baridi ni nzito, nayo usiku huteremka kama maji na kutuama mabondeni, kwa hiyo nyumba iliyo katikati ya mteremko huwa na joto kuliko iliyo karibu na bustani za bondeni, na tofauti hiyo utaihisi tangu usiku wa kwanza. Tazama kuta: za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu ni bora, na za mbao zinafaa iwapo nafasi kati ya ubao na ubao zimezibwa. Tazama paa la bati, na kama halina dari ujue kwamba joto lote litapanda na kutoka, tena alfajiri mvuke wa pumzi zenu utageuka maji juu ya bati na kuwadondokea. Turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja na kutandazwa chini ya kenchi hupunguza taabu hiyo kwa gharama ndogo.

Kisha kitanda. Mgeni wa pwani hujifunika mablanketi matatu na bado akatetemeka, asijue kwamba baridi inatoka chini yake. Godoro lililolazwa sakafuni hunyonya ubaridi na unyevu wa ardhi usiku kucha. Huku ni nchi ya mbao, na kila penye mashine ya kupasulia pana mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo yasiyofaa kwa soko, ambayo hupatikana kwa bei ndogo au kwa kuomba kwa adabu. Kayapange juu ya matofali, weka juu yake magunia makavu au nyasi kavu, kisha godoro, na blanketi moja litandike chini yako kabla ya kujifunika mengine. Usilale na nguo ulizoshinda nazo kazini, hata kama zaonekana kavu. Jipashe moto kwa chakula na kwa kutembeatembea kabla ya kuingia kitandani, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ukiiweka miguuni, itakufaa kwa saa kadhaa.

Na hapa nataka usome polepole. Usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, wala usilale katika chumba ambamo mkaa unawaka, hata kama umebaki kaa moja jekundu chini ya majivu, hata kama mwenyeji wako anakuambia kwamba yeye hufanya hivyo kila mwaka. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, mtu akahisi kichwa kizito, kisha usingizi mtamu, kisha asiamke. Si moshi unaoua, kwa hiyo kutoona moshi si dalili ya usalama. Katika nyanda hizi familia nzima zimekutwa asubuhi zikiwa zimelala milele, wazazi na watoto, mlango umefungwa na matambara yameshindiliwa chini yake ili upepo usiingie. Ota moto jikoni au uani, kisha uache jiko huko huko nje na uende ukalale. Na ukimkuta mwenzio amelegea katika chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye. Lau mwongozo huu ungekuwa na aya moja tu, ningeiandika hii.

Sasa kazi. Yafaa ujue kwamba si kila kazi isifikayo Njombe ina manufaa katika majira haya. Chai, kwa mfano, huchelewa kuchipua baridi inapozidi, na mchumaji alipwaye kwa kilo hupata kidogo ilhali anaamka mapema vile vile. Neema ya chai ni majira ya mvua, Novemba hadi Mei. Kadhalika magome ya miwati, ambayo yaliifanya Njombe ijulikane tangu Kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949 kutengeneza dawa ya kulainishia ngozi, hubanduka kwa urahisi mti unapokuwa na maji mengi, na wakati wa kiangazi hung'ang'ania. Kazi za kipupwe ni hizi: kuvuna mahindi, ambayo katika nchi ya baridi hukaa shambani tangu Novemba au Desemba hadi Juni, Julai na kuendelea, kulima vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu wakati wa kiangazi, ambamo hupandwa maharage, njegere, mboga na viazi, kuchuma na kubeba maparachichi aina ya Hass, kufyeka njia za kuzuia moto katika mashamba ya misindano kabla nyasi hazijakauka kabisa, kujaza viriba udongo na kumwagilia miche itakayopandwa mvua zikirudi, na kukata, kupasua na kupakia mbao, kwa kuwa huu ndio wakati magari yanapoweza kuingia mashambani bila kuzama.

Kwa mgeni asiye na ujuzi mimi napendelea kazi ya kitaluni. Ujira wake hauwezi kumtajirisha mtu, lakini hufundisha jambo atakalokwenda nalo popote, na jioni vidole vyako vyote viko mahali pake. Neno hilo la mwisho nalisema kwa sababu ya mashine zile za kupasulia mbao ziitwazo dingdong, zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba, ambazo nyingi msumeno wake wa duara na mikanda yake huzunguka bila kifuniko chochote. Baridi yenyewe huzidisha hatari, maana mtu aliyejitanda mtandio, au aliyeacha ncha ya shali na mikono mipana ya koti ikining'inia, anaweza kunaswa na mkanda kabla hajatamka neno, na vidole vilivyokufa ganzi havisikii vinapokaribia meno ya msumeno. Ukiamua kuifanya kazi hiyo, vaa nguo zilizobana, funga kofia, vua mtandio, pasha mikono moto kabla mashine haijawashwa, simama kando ya mstari wa msumeno wala si nyuma yake, na mwenye mashine akikuhimiza uondoe vumbi la mbao huku msumeno ukizunguka, kataa.

Mapatano ya ujira yawe ya maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamlazimu mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, nayo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, na zinazozidi hapo zina malipo yake ya ziada. Kazi nyingi za msimu hulipwa kwa kipande, kwa idadi ya viriba, ya mbao au ya magunia, na ugomvi hutokea kwenye hesabu, si kwenye bei. Kwa hiyo uwe na daftari lako, uandike kila jioni ulichofanya, na umwombe msimamizi atie sahihi siku ile ile, kwa upole na bila kumshuku, maana kumbukumbu ya mtu huchoka mwisho wa mwezi hata akiwa mwaminifu. Wazee wa huku watalielewa daftari lako bila kukasirika. Baba zao na babu zao, Wabena kwa Wakinga na Wapangwa, walikuwa wakishuka kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakiandikishwa na Silabu, lile shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoundwa mwaka 1944, na kila mmoja alikuwa na kadi ya kipande iliyohesabu siku zake 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama haikulipwa. Walipata joto la pwani kama wewe unavyopata baridi ya kwao, na katika nyumba nyingi habari hizo bado zinasimuliwa. Mgeni wa kazi si kitu kigeni kwao, na mara nyingi nimeuona ukarimu unaotokana na kumbukumbu hiyo.

Kwa hiyo nawe uwatendee kwa staha. Asubuhi usimpite mtu kimya. Sema “kamwene,” hata kama huna neno jingine la Kibena, na umwite mzee baba, bibi kizee umwite bibi, na mwenye nyumba umpe habari za kutwa kabla hujamwomba maji ya moto. Aliye Mwislamu atakuta misikiti Njombe mjini na Makambako, na vijijini atauliza kwa utaratibu ni nani achinjaye, akijua kwamba nyama ya nguruwe huuzwa waziwazi na kupendwa na wengi, wala asiwakunjie uso wenyeji kwa hilo. Maji yaliyopashwa moto hayana ubaya wowote kwa udhu. Kuoga ni saa nane mchana siku za mapumziko, na siku za kazi mara tu urudipo mwili ukiwa bado na joto, si alfajiri.

Chakula kiwe kingi kuliko ulivyozoea, kwa sababu mwili hutumia nguvu nyingi kujipasha moto. Ugali, viazi mviringo, maharage na kande ndiyo tegemeo, na ukiongeza parachichi kila siku utapata mafuta ambayo pwani ungeyapata kwa nazi. Maji katika kimo hiki huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95, kwa hiyo maharage hukawia kuiva. Yaloweke tangu usiku, ama sivyo utamaliza kuni zako. Mafuta ya nazi uliyopewa nyumbani yataganda chupani yawe meupe kama samli, usiyatupe, ila uyahamishie katika kopo lenye mdomo mpana, upake midomo, visigino na mikono asubuhi na jioni, maana ngozi hupasuka upesi. Pombe haileti joto. Huifungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi moto usoni huku joto la ndani likimtoka, na aliyelewa akalala njiani usiku wa Julai yumo katika hatari ya kufa.

Juu ya afya nina mambo mawili mengine. La kwanza, ukishikwa na homa katika majuma ya mwanzo usiseme ni baridi tu, wala usimwache mganga wa zahanati adhani hivyo. Mwambie waziwazi kwamba umetoka pwani, apime malaria, kwa kuwa vimelea vyaweza kuwa vimesafiri nawe na kujitokeza huku, ambako malaria ni chache na haiwi fikira ya kwanza. Kikohozi chenye maumivu ya mbavu na kupumua kwa shida kisingojee mwisho wa juma. La pili ni zito na nalisema bila kuficha kwa sababu nawapenda mnaosoma. Mkoa wa Njombe, tangu uundwe mwaka 2012, umekuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi ya virusi vya ukimwi kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania. Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wana virusi, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ukakuta asilimia 12.7. Sababu zinazotajwa ni pamoja na mwendo mkubwa wa watu wa kazi na wa biashara, yaani watu kama wewe. Upweke wa jioni ndefu ni mshawishi mkubwa. Pima kabla ya kupanda na baada ya kushuka, tumia kondomu bila kuona haya, na ikiwa tayari unatumia dawa, beba karatasi ya uhamisho kutoka kliniki yako ili uzipate Njombe bila kukatiza hata siku moja. Wenyeji wengi wanaishi na virusi kwa afya njema na kazi zao zinaendelea, usiwanyoshee kidole.

Msimu ukielekea kwisha, fanya hesabu kabla hujafunga mizigo. Dai malipo yako juma moja mapema, daftari mkononi, usikubali ahadi ya kutumiwa kwa simu ukishafika kwenu isipokuwa kutoka kwa mtu uliyekwisha kumjua kwa kutimiza. Mzozo ukishindikana kumalizwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya kata, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya malipo ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae pwani ukingoja moyo upoe. Wapo pia watakaotamani kubaki, kwa kuwa wameona vijana wenzao wakipanda misindano na maparachichi na kujijengea nyumba. Kwa hao nasema: msinunue shamba mwaka wa kwanza. Rudini msimu wa pili, wakati wa mvua, mwone kama barabara ya shamba hilo inapitika mwezi wa Machi, mkatembee mipaka pamoja na majirani wa pande zote, kisha mwandikiane katika ofisi ya kijiji, mbele ya mashahidi, na muhuri.